Robinson, Duncan, Ginóbili, Parker: nani aliiaga Spurs vizuri zaidi?

Ribaundi21 (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Tangu Gregg Popovich aachie ukocha wa San Antonio Spurs, timu yetu ya kikapu kwenye ligi ya Marekani, NBA, Mei 2025, kuna swali limenikaa kifuani. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kubaki wa kizazi kile tulichokipenda. Alipokaa pembeni nikaanza kuwakumbuka wote waliomtangulia kutoka, na jinsi kila mmoja alivyotoka. Sitaki tubishane nani alikuwa bora uwanjani. Hilo lina jibu lake, na jibu ni Tim Duncan. Nataka tulinganishe namna ya kuaga: nani alistaafu kwa njia iliyowatendea haki wenzake, mashabiki na yeye mwenyewe?

Naanza mimi.

David Robinson namweka wa kwanza bila kusita. Alisema mapema kwamba msimu wa 2002/03 ndio wake wa mwisho, kila mtu akajua. Ana miaka 37, mgongo unamsumbua, dakika zake zimepungua. Ikaja tarehe 15 Juni 2003, mechi ya sita ya fainali dhidi ya New Jersey Nets, tena nyumbani San Antonio. Robo ya nne Spurs wako nyuma, ghafla wanafunga pointi 19 mfululizo bila Nets kupata hata moja. Matokeo 88 kwa 77. Robinson anamaliza na pointi 13 na ribaundi 17 (mipira aliyoidaka baada ya mitupo kukosa), anabeba kombe, anakwenda nyumbani. Mtu aliyeitwa Admirali kwa sababu alitoka jeshi la majini akashuka chomboni chombo kikiwa kimeshatia nanga. Sioni kuaga kulikozidi huko.

Wa pili Manu Ginóbili. Agosti 27, 2018 aliandika ujumbe mfupi mtandaoni akiwa na miaka 41, misimu 16, timu moja. Ni kweli hakutangaza kabla, ila mashabiki walikuwa wameshapata nafasi yao. Mei 2017, Golden State Warriors walipokuwa wanatumalizia mechi ya nne ya fainali ya kanda ya Magharibi, Popovich alimwanzisha, na ukumbi mzima ukasimama kumshangilia kama anayeondoka. Kisha akaongeza mwaka mmoja. Zawadi.

Wa tatu Tony Parker. Misimu 17 San Antonio, halafu mmoja Charlotte, halafu Juni 2019 akatundika viatu. Sikupenda kumwona na jezi nyingine, lakini angalau alirudi, akapokelewa, akashangiliwa.

Wa mwisho Duncan, na naandika hivyo nikiwa na namba yake kwenye jina langu. Tarehe 12 Mei 2016 tulitolewa na Oklahoma City Thunder kwao. Duncan akatoka uwanjani, sisi tukabaki tunasubiri. Miezi miwili kimya. Julai 11 timu ikatoa taarifa kwamba amestaafu. Kesho yake hata mbele ya waandishi hakuja. Alikuja Popovich peke yake, kavaa fulana yenye picha ya Duncan, sauti inamkatika. Misimu 19, mataji matano, na shabiki hakupata mechi hata moja ya kwenda ukumbini akijua kwamba leo ndiyo mara ya mwisho. Mtu uliyeishi naye miaka 19 haondoki usiku bila kugonga mlango. Bado inaniuma.

Karibuni.


PasiYaMwisho

Kaka Ribaundi21, nakuheshimu, lakini kumweka Duncan wa mwisho siwezi kukubali hata kidogo.

Mtazame mtu mwenyewe kwanza. Kijana wa kisiwa cha St. Croix aliyekuwa muogeleaji, na ndoto yake ilikuwa Olimpiki. Mwaka 1989 kimbunga Hugo kikaharibu bwawa walilokuwa wakifanyia mazoezi. Mwaka uliofuata mama yake akafariki kwa saratani ya matiti, siku moja kabla yeye hajatimiza miaka 14. Alimwahidi mama kwamba atamaliza chuo, akakaa Wake Forest miaka yote minne wakati angeweza kuingia NBA mapema na kuchukua fedha. Alitimiza ahadi kubwa kuliko zote za maisha yake bila kupiga kelele. Sasa mtu wa namna hiyo ulitaka astaafu kwa tarumbeta?

Halafu kumbuka msimu wenyewe. 2015/16 tulishinda mechi 67 na kupoteza 15, rekodi ya timu yetu tangu ianzishwe. Nyumbani tulipoteza mechi moja tu katika 41. LaMarcus Aldridge ndiyo kwanza amefika, Kawhi Leonard anapanda kila wiki, na tunao uwezo wa kuchukua kombe. Duncan angetangaza Novemba kwamba anaondoka, kila mji tunaokwenda kungekuwa na hotuba, zawadi, na maswali yaleyale kwa waandishi. Kina Leonard wangecheza msimu mzima ndani ya sherehe ya mtu mwingine. Alinyamaza ili timu ifanye kazi. Mimi hapo naona heshima kwetu, maana alitaka tupate kombe la sita kuliko kupata machozi.


Kona3

Dada PasiYaMwisho, hoja yako nzuri, ila kuna mfano unaipinga na ni wa msimu huohuo. Kobe Bryant alitangaza Novemba 2015. Kila uwanja alipopita, hata wa mahasimu wake, watu walisimama. Aprili 13, 2016 akafunga pointi 60 dhidi ya Utah Jazz kwenye mechi yake ya mwisho, Lakers wakashinda 101 kwa 96. Waliokuwa mle ukumbini wana kitu watasimulia mpaka uzee. Sisi wa Spurs tuna nini cha siku ile? Taarifa iliyoandikwa na ofisi.

Mimi namuunga mkono mleta uzi. Shabiki naye ana haki yake.


PasiYaMwisho

Kona3, nilimpenda Kobe na usiku ule sitausahau. Lakini tazama upande wa pili. Lakers walimaliza na ushindi 17 na vipigo 65. Walikuwa hawagombanii chochote, kwa hiyo waliweza kuutoa msimu mzima kuwa wa kuagana. Mechi ile ya mwisho Kobe alirusha mara 50. Hamsini! Inawezekana tu pale ambapo matokeo ya timu hayana uzito tena. Duncan hajawahi kucheza mechi ya aina hiyo maishani mwake. Katika misimu yake 19 timu yake haikukosa mtoano hata mara moja.


Mzee44

Wanangu, mnajadili vizuri, lakini mmeanza hadithi katikati. Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana bila hapo Parker ataonewa.

Spurs waliingia NBA mwaka 1976 kutoka ile ligi nyingine, ABA, na nyota wetu alikuwa George Gervin, waliyemwita Iceman. Mwembamba, mtulivu, anapanda hewani na kuuachia mpira uviringike kwenye ncha za vidole mpaka ndani ya kikapu, kana kwamba hana haraka na dunia. Aliongoza ligi kwa ufungaji mara nne. Mara ya kwanza, 1978, ilibidi mambo yaamuliwe siku ya mwisho ya msimu: David Thompson wa Denver akafunga 73 mchana, Gervin akajibu usiku kwa 63, akalichukua taji la ufungaji kwa sehemu ndogo ya pointi. Namba 44 kwenye jina langu ni yake.

Mnajua aliagwaje? Mwaka 1985 alipelekwa Chicago Bulls kwa kubadilishana na mchezaji mwingine. Basi. Mtu aliyeiweka San Antonio kwenye ramani ya mpira wa kikapu akaondoka kama mzigo uliohamishwa ghala. Jezi yake ilipandishwa darini 1987, namba isivaliwe tena na mwingine, hilo walilifanya kwa heshima, lakini kuondoka kwenyewe hakukuwa na neno.

Kwa hiyo mnapomweka Parker wa tatu kwa sababu alivaa jezi ya Charlotte, kumbukeni kwamba yeye aliondoka kwa hiari yake, mkataba umekwisha, wakiwa wanasalimiana. Kwetu sisi tuliomwona Iceman akienda, hayo ni maendeleo makubwa.

La pili, na hili naomba Ribaundi21 alitafakari. Unasifu kuaga kwa Robinson, na mimi nakuunga mkono kwa sifa hiyo. Lakini usiku ule wa 15 Juni 2003 nani alifanya kazi? Duncan alikuwa na pointi 21, ribaundi 20, pasi za kufungisha 10 na bloku 8 (mitupo ya wapinzani aliyoizuia). Bloku mbili tu zilimzuia asifikishe kumi katika kila safu. Parker alikuwa na miaka 21 na robo ya nne alikaa nje sana, Ginóbili ndiyo msimu wake wa kwanza NBA. Kuaga kwa Robinson kulibebwa mgongoni na kijana wake. Robinson mwenyewe alijua, na ndiyo sababu nampenda: alikuwa mchezaji bora wa ligi 1995, mtu aliyewahi kufunga pointi 71 katika mechi moja, na Duncan alipokuja 1997 akampisha katikati ya uwanja bila ugomvi. Wangapi wangeweza?

Swali langu ni hili: mwaka 2016, Duncan angebebwa na nani?


Fedha_na_Nyeusi

Mzee44 shikamoo. Umelifikisha swali penye jibu, kwa sababu Duncan alibebwa. Ila ilikuwa 2014, miaka miwili kabla.

Naomba mnivumilie niliseme lote, maana kwangu hapa ndipo moyo wa timu hii ulipo.

Rudini 2013, mechi ya sita ya fainali, Miami. Tunaongoza mechi tatu kwa mbili, tunaongoza pointi tano zimebaki sekunde 28. Kamba za kuzuia watu zimeshaanza kuletwa kuzunguka uwanja kwa ajili ya kukabidhi kombe. LeBron James wa Miami anafunga mtupo wa pointi tatu. Leonard, mtoto wa miaka 21, anapata mitupo miwili huru, anakosa mmoja. LeBron anakosa, Chris Bosh anadaka ribaundi, anamrudishia Ray Allen kwenye kona, na Allen anafunga tatu zikiwa zimebaki sekunde 5.2. Duncan wakati huo yuko benchi. Popovich alimtoa ili walinzi waweze kubadilishana wapinzani kwa wepesi nje ya mstari wa tatu. Ribaundi ile ilidakwa mahali ambapo Duncan hudaka maisha yake yote. Alikuwa amefunga 30 na kudaka 17 usiku ule.

Mechi ya saba, chini ya dakika moja, tuko nyuma pointi mbili. Duncan anakabwa na Shane Battier wa Miami karibu kabisa na kikapu, mtupo ambao ameshaufunga mara elfu, unagoma. Anaugusa tena, unagoma tena. Anarudi kukaba na kuipiga sakafu kwa viganja viwili. Kwa mtu ambaye miaka yote hakuonesha uso wa hasira wala wa furaha, kile kibao cha sakafu kilinikata kuliko kipigo chenyewe. Nilizima luninga alfajiri ile nikakaa gizani.

Timu nyingine ingesambaratika. Hii ilirudi na watu walewale. Na hapa ndipo nataka tuzungumze mchezo, si huzuni tu. Spurs wa 1999 na 2003 walikuwa timu ya ukabaji na nguzo mbili ndefu: mpira unapelekwa kwa Duncan upande wa kushoto, wengine wanasubiri. Ilishinda, lakini ilichezwa polepole. Mwaka 2011 tulimaliza wa kwanza Magharibi kwa ushindi 61, tukatolewa raundi ya kwanza na Memphis Grizzlies walioshika nafasi ya nane. Wengi walisema zama zimekwisha. Usiku wa drafti (timu zinapochagua wachezaji wapya) mwaka huohuo timu ikamtoa George Hill Indiana ikampata Leonard, chaguo la 15. Popovich akaongeza kasi, akampa Parker usukani, akawafundisha wote kuutoa mpira kabla haujapoa mkononi. Mwenye nafasi nzuri anampa mwenye nafasi nzuri zaidi. Msimu wa 2013/14 hakuna mchezaji wetu hata mmoja aliyefikisha wastani wa dakika 30 kwa mechi, na bado tukashinda mechi 62, nyingi kuliko timu yoyote.

Tulipowatoa Thunder kwenye muda wa ziada na kurudi fainali dhidi ya Miami ileile, Duncan, mtu wa maneno ya kuhesabu, akasema mbele ya kamera kwamba zimebaki nne na safari hii watazipata. Mimi niliposikia hivyo nikajua. Mechi ya tatu tulifunga pointi 71 kipindi cha kwanza, mitupo 25 ikaingia kati ya 33. Mpira ulikuwa unapita kwa Boris Diaw, kwa Ginóbili, kwa Danny Green, walinzi wa Miami wanazungukazunguka kama watu waliopotea njia. Tulimaliza nne kwa moja. Mechi ya tano tulianza nyuma 22 kwa 6, tukashinda 104 kwa 87. Leonard akawa mchezaji bora wa fainali akiwa na miaka 22.

Na tarehe? Juni 15, 2014. Siku ileile na mwezi uleule aliostaafu Robinson, miaka 11 baadaye. Kilekile ambacho Duncan alimfanyia Robinson, Leonard alimfanyia Duncan. Kwangu mimi ule ndio ulikuwa usiku wa kuaga.


Ribaundi21 (mleta uzi)

Fedha_na_Nyeusi, umenirudisha mbali. Kile kibao cha sakafu nilikiona mubashara na sijawahi kukitazama tena.

Lakini ndugu yangu, hoja yako inanipa nguvu mimi. Kama 2014 ndio ulikuwa usiku wa kuaga, mbona hakuaga? Nafasi ilikuwepo. Nyumbani, kombe mkononi, miaka 38, kisasi kimelipwa, mrithi yupo. Ni kila alichokuwa nacho Robinson na zaidi. Robinson aliuona mlango ukiwa wazi akapita. Duncan aliuona akarudi ndani kwa misimu miwili, na ukaja kufungwa na Steven Adams na wenzake kule Oklahoma City.


Mzee44

Alirudi kwa sababu mwili ulikuwa bado una kitu, mwanangu. Msimu uliofuata, 2014/15, akiwa anaelekea miaka 39, aliitwa tena kwenye mechi ya nyota wote, mara yake ya 15, na akatajwa kwenye kikosi cha tatu bora cha ligi nzima na kikosi cha pili cha wakabaji bora. Huyo si mtu wa kumwambia nenda. Robinson wa 2003 alikuwa hana tena. Hali mbili tofauti.

Na fedha nazo zinasema jambo. Mwaka 2012 Duncan alikubali mshahara ushuke kutoka zaidi ya dola milioni 20 kwa msimu hadi chini ya milioni 10, ili timu iweze kuwabakiza wengine. Wale kina Diaw na Green tunaowasifu hapa, nafasi yao kwenye bajeti ilitoka mfukoni kwa mtu. Mchezaji anayejipunguzia vile anakuwa ameshaamua kwamba atabaki mpaka asiwe na faida.

Hiyo siku ilifika. Januari 2016, dhidi ya Houston Rockets, alimaliza mechi bila pointi hata moja kwa mara ya kwanza tangu aingie NBA. Goti lilikuwa limekwisha. Mfululizo wa Thunder alipata shida kubwa mechi tano za kwanza. Halafu ile ya sita, ya mwisho, alifunga 19. Tulikuwa nyuma sana na wengine wameshakata tamaa, yeye yuko palepale chini ya kikapu anaendelea kutupa. Mimi sikuhitaji taarifa ya Julai. Nilimwona usiku ule namna alivyokuwa akicheza kila dakika hadi filimbi, nikamwambia mke wangu: huyu anamaliza leo.


Kona3

Mzee44, hiyo ya pointi 19 nilikuwa nimeisahau. Naondoa neno langu la "taarifa ya ofisi", nilikosea.

Niongeze kidogo kuhusu Parker, maana kila mtu anampita juujuu. Mei 2017 alichanika kano ya msuli wa paja kwenye mechi dhidi ya Houston, jeraha ambalo kwa mlinzi wa kasi ni kama kukatwa mbawa. Alirudi. Januari 2018 Popovich akamweka Dejounte Murray aanze badala yake, na Parker akalipokea na kumsaidia kijana. Alipokwenda Charlotte akarudi San Antonio kama mgeni Januari 14, 2019, na ukumbi ukasimama kumshangilia kwa muda mrefu mpaka akashindwa kujizuia. Hornets wakatufunga siku ile na sikuona mtu wa kwetu aliyekasirika. Alipostaafu Juni alieleza kwamba kama hawezi tena kuwa Tony Parker yule, na hachezei ubingwa, hana sababu ya kuendelea. Kauli ya mtu mzima. Mfaransa aliyechaguliwa wa 28, akawa mchezaji bora wa fainali 2007, wa kwanza kutoka Ulaya. Anastahili zaidi ya mistari miwili.


Fedha_na_Nyeusi

Kweli kabisa. Na mkiniuliza mpangilio wangu, Ginóbili ndiye wa kwanza.

Sababu ni moja. Wengine wote ilibidi wajifunze kupungua: Robinson alimpisha Duncan, Duncan akampisha Leonard, Parker akampisha Murray. Ginóbili alikubali kupungua akiwa kileleni. Huyu alikuwa ameipa Argentina dhahabu ya Olimpiki 2004, wakiwatoa Marekani nusu fainali. Angekuwa nyota wa kuanza katika timu karibu yoyote. Popovich akamwomba atokee benchi, akatoka benchi, miaka na miaka, na 2008 akawa mchezaji bora wa sita wa ligi, yaani bora kati ya wanaotokea benchi. Chaguo la 57 la drafti, la pili kutoka mwisho! Akiwa na miaka 39 alimzuia James Harden kwa nyuma sekunde za mwisho za mechi ya tano, 2017, na kutuokoa. Mtu ambaye hajawahi kudai kiti cha mbele, siku ya kuondoka hana kiti cha kuachia. Ndiyo maana kuondoka kwake hakukuwa na kidonda kwa yeyote.

Na Duncan, Parker na Ginóbili kwa pamoja walishinda mechi 575 za msimu wa kawaida na 126 za mtoano. Hakuna watatu wengine waliofika hapo.


PasiYaMwisho

Nimesoma yote. Kaka Ribaundi21, kuna usiku mmoja hujautaja, na nadhani ndio unaokudai.

Desemba 18, 2016. Jezi namba 21 inapandishwa darini baada ya mechi dhidi ya New Orleans Pelicans. Mlango uliosema haukugongwa uligongwa siku ile, miezi mitano baadaye, wakati msimu mwingine umeshaanza na hakuna tena kilichoweza kuvurugwa. Robinson alikuwepo, Parker alizungumza, Ginóbili alizungumza. Ukumbi umejaa watu ambao wamebaki baada ya mechi kwisha.

Popovich akasimama. Hakuanza na mataji. Alisema jambo la maana kuliko yote anayoweza kulisema kuhusu Duncan ni hili, na akawaelekezea maneno baba na mama yake Duncan, ambao wote walikuwa wameshatangulia: kwamba mtoto wao ni mtu yuleyule aliyeingia mlangoni siku ya kwanza. Kisha ikashindikana kuendelea vizuri, machozi. Duncan akaja kwenye kipaza sauti na akaongea kwa muda mfupi tu, akitania kidogo, akishukuru. Alisema amepata kutoka kwa watu wale zaidi ya alivyowapa.

Yule mtoto aliyemwahidi mama yake kumaliza chuo. Fikiria mama angekuwepo kusikia.


Ribaundi21 (mleta uzi)

Dada, nilikuwa nimeukata usiku huo kwenye hesabu kwa sababu nilikuwa na hasira za Julai. Leo nimeutazama tena wote, mpaka jezi inafika juu karibu na ile ya Robinson na ya Iceman.

Robinson simtoi nafasi ya kwanza, mnisamehe. Duncan nampandisha ya pili. Parker na Ginóbili sitawapanga tena, na Mzee44, ahsante kwa Gervin. Sikuwahi kujua kwamba aliondoka vile.